Magari madogo ya Safari Rally: Jinsi mafundi wanavyounda vipande visivyouzwa dukani

PASAKA ya mwaka wa 1971, Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller walitwaa ubingwa wa mbio za magari za East African Safari wakiwa ndani ya Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi na nambari 11 ubavuni. Nafasi ya pili ilimwendea Shekhar Mehta, aliyeendesha gari la aina iyo hiyo.

Zaidi ya nusu karne baadaye, gari hilo bado linaundwa upya. Haliundwi kiwandani, bali juu ya meza za watu wazima wenye miwani ya kukuzia, huko Japani, Uingereza, Marekani na kwingineko. Urefu wake haufiki sentimita 18.

Huenda msomaji akadhani kwamba kazi hii ni ya kununua sanduku dukani, kukata vipande vya plastiki, kuviunganisha kwa gundi na kupaka rangi. Hiyo ni nusu ya habari, tena nusu iliyo nyepesi.

Sanduku la dukani aghalabu huwa na gari la aina fulani, wala si gari fulani. Kiwanda hutengeneza Datsun 240Z ya barabarani kwa kuwa wanunuzi wake ni wengi. Baadhi ya masanduku yana hata lile toleo la pua ndefu lililouzwa nchini Japani, pua ambayo gari la Herrmann halikuwa nayo.

Na pale kiwanda kinapoamua kutoa toleo la Safari, mara nyingi hutumia kalibu zile zile za zamani, kikaongeza vipande vichache na karatasi ya michoro ya kubandika. Sababu ni gharama. Plastiki ya modeli husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, na kalibu hiyo ni ghali mno hivi kwamba lazima yauzwe maelfu ya masanduku ndipo fedha zirudi. Hakuna mhasibu atakayeidhinisha kalibu ya chuma kwa ajili ya taa moja iliyofungwa kwenye gari moja, mwaka mmoja.

Pengo hilo ndilo linalojazwa na fundi wa mezani. Ana njia mbili: kuunda kipande tangu mwanzo kwa mikono yake, na kukisubu kwa rezini ili apate nakala.

Kazi huanza kwa hesabu. Modeli nyingi za magari kutoka Japani na Ulaya huwa katika kipimo cha 1/24, yaani kila milimita 24 za gari halisi huwa milimita moja mezani. Zile za Marekani aghalabu ni 1/25. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ni asilimia nne: gari la mita nne huwa na milimita 167 katika kipimo cha kwanza na 160 katika cha pili. Anayechukua injini ya sanduku la Marekani na kuitia ndani ya gari la Japani atagundua mapema kwamba macho hayadanganyiki kirahisi.

Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya Datsun 240Z ni milimita 2,305. Ukigawanya kwa 24, unapata 96. Fundi anayejali hupima plastiki ya sandukuni kabla ya kukata chochote, kwa maana viwanda pia hukosea.

Lakini vipi kuhusu vipande ambavyo vipimo vyake havikuandikwa popote? Taa za ziada za gari la mbio, mathalani, zilifungwa na makanika wa timu karakanani, na hakuna mchoro uliosalia.

Hapo picha ndiyo shahidi. Fundi hutafuta picha iliyopigwa ubavuni na kupima umbali wa magurudumu kwa rula. Tuseme amepata milimita 115. Maadamu anajua umbali halisi ni 2,305, basi kila milimita ya picha ni takriban milimita 20 za gari. Taa yenye milimita tisa pichani ilikuwa na kipenyo cha milimita 180 hivi, na katika kipimo cha 1/24 itakuwa na milimita saba na nusu.

Hesabu hii ina mtego wake. Kitu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa kuliko kilicho mbali, kwa hivyo taa iliyochomoza mbele ya bawa la gari itapimwa vibaya ikiwa magurudumu yako nyuma yake. Wenye uzoefu hutumia picha tatu au nne na kulinganisha.

Mtego wa pili ni wa wakati. Gari la Safari lililoondoka kwenye jukwaa la kuanzia halikuwa gari lile lililorudi. Njiani lilipoteza taa, likabonyezwa mlango, likabadilishwa magurudumu. Yeyote anayeliunda lazima aamue ni saa gani ya mbio anayoiunda, kisha ashikilie uamuzi huo. Asipofanya hivyo ataishia na gari lenye taa za siku ya kwanza na matope ya siku ya mwisho, gari ambalo halikuwahi kuwepo.

Gari nambari 11 la 1971 lina bahati, kwa kuwa Nissan imelihifadhi katika mkusanyo wake wa kihistoria mjini Zama, Japani. Yapo mengi ambayo hayakupata bahati hiyo. Magari ya mbio huuzwa, hupakwa rangi nyingine, hukatwa vipuri na hatimaye huozea uani. Kwa magari kama hayo, modeli iliyoundwa kwa uangalifu kutokana na picha huwa ndiyo umbo pekee la gari zima ambalo mtu anaweza kulizunguka na kulitazama pande zote. Ni jambo la kutafakari kwa wanaodhani huu ni mchezo wa watoto.

Mapenzi ya Wajapani kwa Safari si ya jana. Mwaka wa 1969 filamu iliyoigizwa na nyota wao Yujiro Ishihara ilisimulia mbio hizo na kuwaonyesha watazamaji wa Japani magari yao yakipambana na vumbi na tope la Afrika Mashariki. Kwa hivyo asishangae Mkenya akimkuta mzee wa Shizuoka anayejua orodha ya washindi wa miaka hiyo kuliko vijana wa Nairobi.

Turejee mezani. Malighafi kuu ya kuunda tangu mwanzo ni bamba jembamba la plastiki iitwayo polistirini, linalouzwa kwa unene wa robo milimita, nusu milimita, milimita moja na kuendelea, pamoja na vijiti na vibomba vya plastiki hiyo hiyo. Hukatwa kwa wembe, hulainishwa kwa tupa na msasa, na huunganishwa kwa gundi nyepesi inayoyeyusha kidogo nyuso mbili zikawa kitu kimoja.

Zaidi ya hapo, fundi ni mwokotaji. Sindano ya hospitali ambayo haijatumika huwa bomba la moshi. Waya wa gitaa huwa antena. Karatasi ya alumini iliyofunika chokoleti hukatwa ikawa vibanio vya boneti. Kijiti cha plastiki kilichobaki sandukuni kikipashwa juu ya mshumaa na kuvutwa taratibu hugeuka uzi mwembamba kuliko unywele, na uzi huo huwa waya wa umeme ndani ya injini.

Kwa Mkenya aliyekulia mashambani, hekima hii si ngeni. Magari ya waya yenye magurudumu ya vifuniko vya chupa, na ya mabua ya mahindi, yaliundwa na watoto ambao hawakuwahi kuona duka la modeli. Leo kuna vijana jijini Nairobi wanaounda matatu ndogo za kadibodi, zenye viti, taa na michoro kama ya zile kubwa. Kilichowatenga na mafundi wa ng'ambo ni malighafi na soko. Jicho la kupima ni lile lile.

Chukua ngao ya chuma iliyofungwa mbele ya magari mengi ya Safari kuyakinga dhidi ya wanyama. Bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 48 huwa na milimita mbili tu katika kipimo cha 1/24. Fundi hupigilia misumari midogo kwenye kipande cha ubao kufuata mchoro, kisha hukunja waya wa shaba kuizunguka. Viungo hutiwa risasi ya kulehemu, kwa kuwa gundi pekee haitashika. Kazi hiyo huchukua jioni nzima, na jaribio la kwanza mara nyingi huishia pipani.

Taa ni hadithi nyingine. Kijiti cha plastiki hufungwa kwenye keekee ya umeme na kuchongwa kwa tupa kikizunguka, mpaka mgongo wake ufanane na bakuli la taa. Kisha huchimbwa ndani na kuzungushiwa ukingo.

Kuunda taa moja namna hiyo ni kazi. Kuunda sita zinazofanana ni adhabu. Hata mkono wa fundi stadi hupotoka kwa sehemu ya kumi ya milimita, na taa sita zilizopangwa safu moja huanika kila kosa. Hapo ndipo kusubu kunapoingia.

Ile taa moja iliyokamilika huitwa kipande mama. Huganda kwenye sakafu ya kijisanduku, aghalabu kilichojengwa kwa matofali ya kuchezea ya Lego, na humwagiwa silikoni ya maji maji iliyochanganywa na dawa ya kuigandisha. Silikoni humwagwa pembeni, kwa uzi mwembamba, ili ipande yenyewe taratibu na kuifukuza hewa. Baada ya saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima, huwa mpira laini ulionasa hata alama ya kucha iliyosahaulika juu ya kipande mama. Silikoni haina huruma: kosa lisilosuguliwa litarudiwa katika kila nakala.

Kipande chenye umbo pande zote, kama kiti cha dereva au rimu, huhitaji kalibu ya nusu mbili. Nusu ya kipande hufukiwa kwenye udongo wa kufinyangia, nusu ya pili ikamwagiwa silikoni. Kisha udongo huondolewa, silikoni iliyoganda hupakwa mafuta ya kuzuia kushikana, na nusu iliyobaki humwagiwa. Anayesahau mafuta hayo hubaki na donge moja, kwani silikoni haishikani na karibu kitu chochote isipokuwa silikoni mwenzake.

Udongo nao una siri. Aina nyingi za udongo wa kuchezea zina salfa, na silikoni bora zaidi, ile inayogandishwa kwa platini, haiwezi kuganda ikigusana na salfa. Wengi wameijua kanuni hii baada ya kuharibu kipande mama cha wiki tatu, kikiwa kimezingirwa na uji unaonata.

Rezini yenyewe, aina ya poliyurethini, huja katika chupa mbili. Ukichanganya vilivyomo kwa vipimo vinavyotakiwa, una dakika chache tu za kumimina kabla mchanganyiko haujapata joto na kuganda. Baada ya nusu saa hivi, kalibu hupinduliwa na taa mpya hutoka, nyeupe au ya rangi ya maziwa yaliyochujuka.

Adui mkubwa hapa ni unyevu. Sehemu moja ya rezini hiyo hukutana na maji na kutoa gesi ya kaboni dioksidi, na matokeo yake ni kipande kilichojaa vitundu kama mkate. Chupa iliyoachwa wazi Mombasa wakati wa masika haitadumu. Hata London huharibika, ila kwa kuchelewa. Mafundi hufunga chupa mara moja na kuweka vikombe vyao mahali pakavu.

Mapovu ya hewa ya kawaida hushughulikiwa kwa shinikizo. Kalibu iliyojazwa huwekwa ndani ya tangi la chuma na kusukumiwa hewa hadi mara tatu au nne ya shinikizo la kawaida, na mapovu husinyaa hata yasionekane. Tangi hilo ni lile lililotengenezwa na kupimwa kwa kazi ya hewa, si sufuria ya kuchemshia maharagwe. Chombo kilichobuniwa ovyo kikipasuka, hugeuka bomu.

Hatari iliyo kimya zaidi ni ya mapafu. Kemikali inayoigandisha rezini ni ya jamii ya isosianeti, ile ile inayopatikana katika rangi za magari za kuchanganywa na kigandishi. Mamlaka ya afya na usalama kazini nchini Uingereza imezitaja kemikali hizo kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu inayotokana na kazi. Mwili ukishazikataa, hata kiasi kidogo baadaye huweza kuleta shambulio. Isitoshe, kipande kilichoganda kikisuguliwa hutoa vumbi laini sana.

Glavu, dirisha lililo wazi, kifaa cha kupumulia kinachofaa kemikali na msasa unaotumiwa ndani ya maji si mapambo. Kitambaa cha kawaida cha kufunika mdomo hakizuii mvuke. Inasikitisha kwamba maelezo mengi ya ufundi huu huweka onyo hilo mwishoni kabisa, baada ya msomaji kuwa amekwisha kuchanganya. Nalo linawahusu pia mafundi wa jua kali wanaopuliza rangi hizo za magari mchana kutwa bila kinga.

Kugeuza modeli kulianza zamani. Kampuni ya AMT, iliyoanzishwa mwaka wa 1948 katika jimbo la Michigan, Marekani, iliuza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 masanduku yaliyomruhusu mnunuzi kuchagua kati ya gari la kawaida, lililorembwa au la mashindano. Chaguo hizo, hata hivyo, zilikuwa za kiwanda. Rezini na silikoni ndizo zilizomwezesha mtu mmoja, nyumbani kwake, kuwa kiwanda. Katika miaka ya 1970 na 1980 vijikarakana vya aina hiyo vilienea Ulaya, vya Ufaransa vikisifika kwa magari ya mbio ya kipimo cha 1/43, na karakana ya Mbelgiji François Verlinden kwa vipande vya magari ya kijeshi.

Hapo ndipo mgogoro ulipozaliwa. Kinachomwezesha fundi kunakili kazi yake ndicho kinachomwezesha jirani kuiiba.

Mwizi hahitaji picha wala hesabu. Hununua rimu nne za rezini kutoka kwa aliyetumia mwezi mzima kuzichonga, huzimwagia silikoni, na wiki ijayo anaziuza kwa nusu ya bei. Anaweza kuuza kwa nusu ya bei kwa sababu hana mwezi wa kulipia. Fundi wa kwanza, ambaye pengine huuza nakala chache tu, hupoteza wateja na hatimaye huacha. Atakapoacha, mwizi naye hatakuwa na kipya cha kuiba, lakini hilo halimfariji yeyote.

Bahati njema, rezini hutoa ushahidi. Husinyaa kidogo inapoganda. Tuseme inapungua kwa nusu asilimia: nakala ya nakala ya nakala itakuwa imepungua kwa asilimia moja na nusu. Katika bodi ya gari yenye milimita 172, hiyo ni zaidi ya milimita mbili na nusu, sawa na sentimita sita za gari halisi. Kioo cha mbele cha sandukuni hakitaingia. Mistari ya milango itakuwa imefifia, na mapovu ya nakala ya kwanza yatakuwa yamegeuka vipele vya kudumu.

Kuhusu sheria, mambo si wazi jinsi mtu angetarajia. Mwaka wa 2011, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kofia ya askari wa filamu ya Star Wars haikuwa sanamu kwa maana ya sheria ya hakimiliki, na hivyo kampuni ya George Lucas ikashindwa kwa hoja hiyo kumzuia nchini humo mtu aliyeiunda asiuze nakala. Ikiwa kampuni tajiri kiasi hicho ilishindwa, sembuse mchonga rimu? Miongoni mwa mafundi wenyewe, desturi ndiyo hakimu: kunakili kipande cha sanduku lako kwa matumizi yako huvumiliwa, kuuza kazi ya mwingine humfanya mtu atengwe. Hukumu hiyo ni ya haki kuliko nyingi zilizo vitabuni, ingawa haimrudishii mwathiriwa hata senti moja.

Katika miaka ya karibuni mashine za kuchapa maumbo zimeingia mezani. Fundi huchora taa katika kompyuta, na mashine huijenga tabaka kwa tabaka kwa rezini ya aina nyingine inayogandishwa na mwanga. Kazi ya keekee na tupa imepungua, na wezi sasa huiba faili badala ya rimu. Rezini hiyo nayo, kabla haijaganda, huwasha ngozi na kuleta mzio, kwa hivyo glavu hazijastaafu. Wengi huchapa kipande mama kimoja, wakakisugua mpaka mistari ya tabaka itoweke, kisha wakarudi kwenye silikoni kwa ajili ya nakala.

Kabla ya kufungwa kwenye gari, kipande cha rezini huoshwa kwa maji ya sabuni, la sivyo rangi itabambuka pamoja na mafuta ya kalibu. Gundi ya plastiki haikiyeyushi, hivyo hubandikwa kwa supaglu au gundi ya kuchanganya. Sehemu nyembamba, kama mkono wa kioo cha pembeni, hukatwa na kuwekewa waya, kwa sababu rezini nyembamba huvunjika kwa kuguswa tu.

Matope huja mwisho. Udongo mwekundu wa kweli haufai mpaka uchekechwe kwa kitambaa chembamba, kwa kuwa punje ya milimita moja ni jiwe la milimita 24 kwenye ubavu wa Datsun.

Kalibu ya silikoni hutoa nakala kadhaa tu kabla kingo zake hazijaanza kuchanika, kila taa ikitoka na ukungu kidogo kuliko iliyotangulia. Ndiyo maana ile taa ya kwanza, iliyochongwa kwa tupa, haifungwi kwenye gari lolote. Hufungwa ndani ya pamba, ikawekwa kwenye kijisanduku cha peke yake, ikingoja kalibu ijayo.